Nyeusi ya Masomo

Sikumfunga mume wangu kwa uzi. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, huku Makomeno mtaani kwetu kwa kunong'ona na kule Annexe, pembezoni mwa mji, kwa sauti kubwa, na majuzi mwalimu mmoja niliyemfundisha mwenyewe alithubutu kumwuliza binti yangu Léa kama ni kweli. Wanasema kwamba siku ya kuondoa kilio nilificha kipande cha nguo zangu nyeusi za ujane, nikaagiza kishonwe ndani ya kitambaa kikubwa cha viraka, kisha nikakitundika mjini mbele ya watu ili marehemu Anaclet abaki amefungwa humo, nao ndugu zake wasiweze kuigusa nyumba yake. Si kweli. Sikuficha kitu wala sikuagiza kitu. Nyumba haijawahi kugombewa na mtu yeyote katika ukoo wetu, na hilo wangeliuliza kwanza kabla ya kufungua kinywa.

Aliyekishona kitambaa kile ni Mujinga, dada mdogo wa marehemu, na hakukishona kwa ubaya. Ili mtu aelewe kilichotokea lazima amjue Mujinga. Wanaosema hawamjui. Wanajua tu mahali pa kupeleka sare ya mtoto ipunguzwe kiuno.

Alizaliwa Kamina, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kitovu kikiwa kimemzunguka shingo, na ndiyo sababu akaitwa Mujinga, kama Waluba wanavyomwita kila mtoto wa kike anayekuja hivyo. Baba yao alikuwa mtu wa reli na wa misa ya asubuhi. Mvulana alipelekwa shule, msichana akapelekwa kwa masista kujifunza kushona, na sijawahi kumsikia Mujinga akilalamika juu ya mgawanyo huo. Aliolewa, hakupata mtoto, akarudishwa. Anaclet alikwenda mwenyewe stesheni kumpokea, akambebea sanduku, na akasema kwamba nyumbani kwake neno "kurudishwa" halitatamkwa. Halikutamkwa. Tulimpa vyumba vya nyuma katika parsele, yaani kiwanja chetu, na barza ya mbele yake ikawa mahali pa mashini.

Kwetu dada wa mume naye ni mume. Tangu siku ya kwanza nilimwita "bwana yangu", naye akaniita "muke yangu", na cheo hicho alikitumia bila haya. Mimi nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana. Mjini kote waliniita Mama Préfète. Lakini nikirudi nyumbani jioni, Mujinga alisema kutoka barzani bila kuinua kichwa:

"Muke yangu, bwana yako iko na njala. Ku masomo balikufundisha yote, kupika tu njo balisahabu."

"Ningejua nitaolewa na mabwana wawili ningeuliza," nilimjibu.

"Ungeuliza nani? Bote bawili tulikuwa bazuri."

Kazi yake ilikuwa sare. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi walijipanga kwenye mlango wetu na vitambaa vyao vya buluu iliyokolea kwa ajili ya sketi na suruali, na vyeupe kwa ajili ya mashati. Nusu ya wanafunzi niliowapigia kengele walikuwa wamevaa mkono wa Mujinga. Hakuwahi kula sahani ya bure kwetu. Alinunua unga wake, alilipa kiti chake kanisani, na msimu wa mvua ulipoanza alitoka kabla ya jua kwenda Annexe, ambako alikuwa na shamba dogo la mahindi na lengalenga, mchicha wetu, kisha saa ya kazi ilimkuta tayari ameoga, ameketi kwenye mashini.

Anaclet alipofariki, ni yeye aliyeshona nguo zangu za kilio. Alikwenda sokoni kununua kitambaa pamoja na Mama Benita, jirani yetu, kiongozi wa shirika letu la sala, na Mama Benita ndiye aliyekibeba kichwani mpaka nyumbani. Kilikuwa terigali nyeusi ya kawaida, isiyong'aa, kwa kuwa nguo ya mjane haipaswi kung'aa. Ni aina ileile inayoshonewa sare za wanafunzi. Rangi tu ndiyo tofauti. Nilivaa nguo hizo hadi ukoo uliponiruhusu kuzivua.

Desturi ya ukoo wetu ni kwamba siku ya kuondoa kilio kila kitu kinakwenda motoni: nguo, kitambaa cha kichwa, hata mabaki ya kitambaa na uzi uliobaki kwenye kigurudumu. Aliyeshona ndiye anayeyaleta mabaki kwa mkono wake. Mujinga aliyaleta katika mfuko wa unga uliofungwa fundo. Baba Kapya, mkubwa wa ukoo, anayefanya kazi ya forodha Kasumbalesa, aliwasha moto nyuma ya nyumba, akautia mfuko ule motoni bila kuufungua. Nani angefungua mfuko wa kilio? Nilikuwepo. Watu wote walikuwepo, na baadhi yao ndio wanaosema leo.

Baadaye ndipo ikaja habari ya viraka. Léa anafanya kazi katika jumba moja la maonyesho mjini, na walikuwa wanatafuta kazi za wanawake wanaotumia nguo badala ya rangi za kupaka. Siku moja ya Jumamosi alimwonyesha shangazi yake picha kwenye simu: vitambaa vikubwa vya safu tatu, juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa cha kushikilia, vyote vikiwa vimeshonwa pamoja kwa mishono midogo mpaka vikawa picha ya kutundika ukutani.

Mujinga aliileta simu karibu sana na pua.

"Aba bantu banakosa blanketi?"

"Apana, Tantine. Haina ya kulalia. Iko ya kuangalia."

"Kiraka ya kuangalia." Alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye mashini. "Miaka yote bananiletea biraka asema nibifiche. Leo asema nibionyeshe. Léa, utanipeleka ku kichaa."

Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta ametandaza mabaki ya rangi mbalimbali juu ya ukuta wa barza, hata juu ya kiti changu. Alisema anataka kutengeneza njia ya kwenda shambani, saa ile anayotoka, wakati jua bado halijafika. Juu kabisa mbingu, chini yake ukanda wa mijakaranda, halafu udongo mwekundu, halafu majani ya lengalenga mbele kabisa, makubwa, kama unavyoyaona ukiwa umeinama na jembe.

Sikujua kwamba kuchagua vitambaa kunaweza kuwa kazi ya namna ile. Vikwembe, yaani vitenge, vyenye maua makubwa alivikataa karibu vyote. Kulikuwa na kimoja cha rangi ya udongo hasa, mimi nilikiona kinafaa, lakini sokoni wanakiita "Jirani Funga Mlango", na wanawake hukivaa wakitaka kumchokoza mtu.

"Hii inasema sana," alisema akikikunja. "Nikiitia, bantu batasoma jina, habataona njia."

Udongo aliupata kwenye pazia letu la zamani, ambalo jua lilikuwa limelila upande mmoja. Kikwembe kingine alikigeuza nyuma, ambako rangi ilikuwa imefifia, akapata vumbi. Mijakaranda aliipata kwenye mabaki ya zambarau ya Kwaresima, kwa sababu aliwahi kushona kitambaa cha altare. Kila kipande alikiweka, akarudi nyuma hadi kwenye mlango, akafumba macho nusu, akakitazama, akaja kukiondoa, akaweka kingine. Niliketi na kitabu changu na sikusoma.

Siku moja aliinua vipande viwili, akanigeukia.

"Muke yangu, hii nyekundu inasikilizana na hii ingine?"

Kipande cha mkono wa kulia kilikuwa kijani. Nilifikiri ananitania.

"Hiyo ni majani, bwana yangu."

Hakucheka. Alikishusha polepole, akakipapasa kwa dole gumba kana kwamba kingemwambia kitu, kisha akauliza kama mlango wa nje umefungwa. Nilipomjibu kwamba umefungwa, akasema:

"Usiseme kwa muntu."

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Nilimwuliza daktari kwa Kifaransa, naye akanijibu kwa Kifaransa, kwa adabu, na Mujinga aliketi kati yetu ameshika mkoba wake. Shinikizo ndani ya macho. Pembeni pameshakufa, rangi zinaondoka, katikati patafuata. Dawa ya matone itachelewesha. Kilichokwenda hakirudi. Niliuliza juu ya upasuaji, niliuliza juu ya hospitali za Afrika Kusini, niliuliza tena swali la kwanza kwa maneno mengine. Jibu halikubadilika.

Njiani Mujinga aliuliza, "Alisema nini?" Nilimwambia yote. Nimefundisha maisha yangu yote na sijui kumdanganya mtu kwa upole.

"Basi tufanye mbio," alisema.

Akaniwekea sharti. Mtu yeyote asijue, hata Léa, hata Baba Kapya. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nani angempa kipofu kitambaa cha mwanawe akate? Na zaidi ya hayo kulikuwa na jambo ambalo hakulisema na ambalo nililielewa: tangu siku ile ya stesheni alikuwa ameishi kwa mikono yake katika nyumba ya kaka yake, na hakutaka kuanza kuishi kwa huruma katika nyumba ya mjane wake. Niliapa. Tangu hapo nikawa ndimi ninayemsomea rangi.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ningesema, "Nyekundu," naye angeuliza, "Nyekundu gani?"

"Ya tofali."

"Ya kuchomwa ao ya bichi?"

"Ya kuchomwa."

"Iondoe. Na ile majani?"

"Ya lengalenga."

"Ya ku shamba ao ya mu chungu? Muke yangu, weye unapika vibaya lakini tofauti unajua."

Nilitazama kipande, nikajaribu kuikumbuka lengalenga chunguni, nikasema ya chunguni. Akakiweka chini, upande wa kivuli. Alishona kwa kupapasa, sindano ikiingizwa uzi kwa ulimi, na mishono yake ilikuwa bado midogo kama ya zamani. Wateja walipokuja alizungumza sana, akawafanya wacheke, na mimi niliketi karibu nikijifanya nasoma, nikimwambia kwa Kifaransa cha kuvunjika tulichokitunga sisi wawili upande upi ni upi.

Mbingu aliiacha mwisho. Siku ile nilikuwa uani naanika nguo, jua likiwa kali, aliponiita kutoka chumbani. Alikuwa ametoa mfuko wa unga chini ya kitanda na amekunjua kipande kirefu cha terigali kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.

"Muke yangu, kuya uone. Hii ya mu mufuko ya chini, iko nyeusi?"

Nilikitazama. "Iko nyeusi."

"Nyeusi muzuri?"

"Nyeusi kabisa, bwana yangu."

Uso wake ulilegea kwa raha. "Njo mbingu ile," alisema.

Nikawaza kwamba alfajiri yake bado ni giza, na kwamba ni haki yake. Kwenye ukingo wa kitambaa, pale kiwanda kinapoacha uzi wa rangi nyingine, palikuwa na mstari mwembamba wa njano. Kwa kawaida mshonaji huukata. Yeye aliukunja kwa nje, ukapita juu ya picha yote mara mbili, akasema hizo ni nyaya za umeme zinazokwenda Annexe bila kumpa mtu umeme. Niliulizwa jambo moja, nikajibu jambo hilo, na jibu lilikuwa sahihi.

Maonyesho yalifunguliwa mchana wa Jumapili. Mujinga alivaa kikwembe chake kipya, akasimama kando ya kazi yake, akigeuza uso kuelekea kila sauti kwa wepesi hata hakuna aliyeshuku. Watu walisimama mbele ya ile njia, wengine wakarudi kuitazama tena. Mzee mmoja aliniambia anasikia baridi ya asubuhi kwenye miguu. Nilijivunia, sitakataa.

Mama Benita alikuja na akina mama wa shirika. Alikitazama kitambaa, akasogea, akaingiza kidole chini ya ule mstari wa njano ingawa ilikatazwa kugusa. Kisha alinitazama mimi, si Mujinga. Aliondoka akiwa ameacha soda yake mezani, haijafunguliwa. Wiki ile ilikuwa zamu yetu kupokea sala ya shirika nyumbani. Nilipanga viti, Mujinga akapika chai. Hakuja mtu.

Aliyekuja baada ya siku chache alikuwa Baba Kapya, kutoka Kasumbalesa, na Mama Benita nyuma yake. Niliwakaribisha sebuleni. Mujinga aliketi karibu nami. Baba Kapya ni mtu mpole. Aliuliza kwanza habari za Léa na za mgongo wangu.

"Muke yetu," alisema mwishoni, "tulikuya juu ya kile kitambaa."

"Nasikiliza, Baba Kapya."

"Mama Benita anasema mule ndani muko nguo ya kilio ya Anaclet."

"Nguo za kilio ulizichoma wewe mwenyewe."

"Nilichoma mufuko," alisema. "Mu mufuko sikuangalia."

Mama Benita alikuwa hajakaa vizuri, ameshika pochi yake mapajani. "Mama Préfète, miye siko muntu wa kusemasema. Lakini ile kitambaa nililetaka na kichwa yangu kutoka ku soko. Kule pembeni ilikuwa na uzi ya njano. Ya bana ba masomo iko na uzi mweupe. Ile yenye iko kule mu mbingu, iko njano. Siko mutoto."

Mujinga alinigeukia. Aliniuliza mimi, kwa sauti ndogo sana.

"Uzi iko njano?"

"Iko njano."

"Na kitambaa?"

"Nyeusi," nilisema. "Nyeusi, bwana yangu."

Hapo ndipo sisi wawili tulipoelewa, kwa wakati mmoja, na hatukuweza kusema. Mujinga alijifunza rangi kwa wanawake wazee wa Kamina na kwa masista. Kwake buluu ni rangi ya joho la Bikira Maria na ya mbingu ya mchana. Buluu iliyokolea ya sare maisha yake yote aliiita nyeusi: nyeusi ya masomo, yaani ya shule. Nyeusi yenyewe, ile ya wajane, hakuitaja kwa rangi. Aliiita kilio tu. "Uliniletea kilio?" angesema, au "Kata kilio mita tatu." Kwa hiyo aliponiuliza kama kipande kile ni nyeusi, aliuliza kama ni sare. Mimi nikamjibu kwamba ni nyeusi. Kila mmoja alisema Kiswahili chake, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa safi.

Lakini kueleza hivyo kungehitaji kueleza kwa nini mshonaji wa sare aliulizia rangi ya kitambaa kilichokuwa mikononi mwake mwenyewe.

"Nani aliitia mule?" Baba Kapya aliuliza.

"Miye," Mujinga alisema.

"Juu ya nini ulifanya vile?"

Baba Kapya alingoja. Mama Benita aliangalia picha ya marehemu ukutani. Nilifungua kinywa, na mkono wa Mujinga ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, vidole vya mtu aliyekata vitambaa miaka yote.

"Muke yangu, nyamaza."

Aliniamuru kama mume, mbele ya mkubwa wa ukoo, na sikuwa na njia ya kumkatalia bila kumvunja. Nilinyamaza. Najua jinsi kimya kile kilivyosomwa. Mama Benita alikibeba kutoka sebuleni kwangu kama alivyokibeba kitambaa, na hadithi ya mjane aliyemfunga mumewe ilizaliwa hapo.

"Haina kasirani, muke yetu," Baba Kapya alisema akiinuka. "Lakini kilio haiishe nusu. Mutafungua ile mbingu, mutanipa yote, nitachoma. Nikienda Kamina baniulize, nitajibu nini?"

Walipoondoka Mujinga alikwenda chumbani kwake, akapapasa chini ya kitanda kwa muda. Mfuko wa mabaki ya sare haukuwepo. Ilikuwa mifuko miwili ya unga, inayofanana, terigali ndani ya wote wawili, na siku ya kuondoa kilio macho yake yalikuwa tayari yameanza kumsaliti wala hakujua. Aliketi kitandani.

"Basi Anaclet tulimuchomea sare ya masomo," alisema. Akaanza kucheka, peke yake. "Kule iko, banamurudisha ku darasa. Na yeye hakupenda masomo hata kidogo."

Nilitaka kucheka naye, sikuweza.

Léa alikirudisha kitambaa nyumbani. Tulijaribu njia zote. Mujinga alijaribu kufumua mwenyewe, lakini mishono ilikuwa midogo na ilipita safu zote tatu, na wembe ulimtoroka ukaingia kwenye zambarau ya mijakaranda, akauweka chini. Nilikwenda kwa mshonaji mmoja mwanamke, halafu kwa mwingine. Wa kwanza alisema ana kazi nyingi. Wa pili, aliyekuwa mkweli, alisema hagusi kilio cha mtu. Basi nilifumua mimi. Sikuwahi kushona hata kifungo. Katika nyumba yangu kulikuwa na Mujinga. Niliketi barzani na wembe, mishono ile ikiwa midogo kama punje za ulezi, naye aliketi kando yangu akifuata kwa ncha ya kidole kila nilichokata, akiniambia, "Pole pole. Hapa geuza. Hapa umepita." Alikuwa ananiongoza kuharibu kazi yake, na aliniongoza vizuri. Kila aliyepita njiani aliona mjane na wembe na kitambaa cheusi, na kila mmoja alikwenda kusimulia alivyoona.

Baba Kapya alikuja akavichukua vipande vyeusi. Safari hii aliufungua mfuko, akatazama kipande kwa kipande, akachoma. Aliniambia kwamba sasa yamekwisha. Kwake yalikwisha.

Ilibaki njia bila mbingu. Juu ya mijakaranda ilionekana pamba tu, nyeupe, imechanika kidogo. Léa alisema jumba la maonyesho litangoja, tushone mbingu nyingine. Nilikwenda sokoni, nikazunguka kwa wauza terigali wote, nikarudi na vipande vya buluu iliyokolea, kila duka na yake, na kumbe hazifanani hata mbili. Niliomba pia sketi kuukuu kwa wanafunzi wangu wa zamani. Nilivipanga vyote mapajani mwa Mujinga, mlangoni, jua likiwa juu.

Wakati huo alikuwa hatofautishi tena dirisha na ukuta.

"Hii iko namna gani?"

"Ni buluu iliyokolea. Karibu nyeusi."

"Karibu ya nini? Upande gani?"

"Kama..." Nilitafuta. "Kama wino."

"Wino ya mu chupa ao yenye imekauka ku karatasi?"

"Iliyokauka."

Alikipapasa, akakiweka kando. "Na hii?"

"Hii imeiva zaidi. Kama mbingu kabla jua halijatoka."

Alitabasamu, akanigusa goti. "Mbingu njo tunatafuta, muke yangu. Huwezi kunieleza mbingu na mbingu."

Nilianza tena. Nilisema ndizi mbivu iliyoungua jikoni, nilisema moshi, nilisema nyuma ya sufuria, nilisema kwa Kifaransa, ambako nina maneno ya buluu zaidi ya anayohitaji mtu. Alisikiliza kila neno kwa makini, akipitisha kitambaa kati ya vidole, na kila kitambaa kilikuwa kilekile vidoleni mwake: terigali. Alivikunja kimoja kimoja, kingo kwa kingo, kama mshonaji anavyokunja, akanirudishia.

"Nimechoka," alisema. "Acha."

Niliacha.

Sasa Mujinga haoni kabisa, na hakuna tena cha kuficha, kwa kuwa kila mtu anamwona akiongozwa kwenda misa. Mashini imefunikwa. Wazazi wanapeleka vitambaa kwingine, na wengine wanapita mbele ya mlango wetu bila kusalimu. Nilipomwuliza kama niandike, alisema: "Andika asema ni macho. Weye uliachia jina yako ichafuke juu yangu, inatosha." Kwa hiyo nimeandika: ni macho, na ni neno moja ambalo sisi wawili tulilisema kila mtu kwa namna yake. Halikuwamo jambo jingine.

Nimemsomea Mama Benita karatasi hizi mlangoni pangu, maana hakutaka kuingia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mungu anajua, Mama Préfète," na akaenda zake.

Wanaouliza kitambaa kiko wapi, kama mbingu ilishonwa au la, na Léa anakusudia kukifanyia nini, wajue kwamba hilo ni la nyumba hii. Nilichoruhusiwa kusema nimesema. Sitasema zaidi.